FINE, FAINI NA FAINALI

Mpenzi msomaji, mambo vipi?

Najua umeshajibu "poa". Umejibu hata kabla hujafikiri. Inawezekana mwenye nyumba anakudai kodi ya miezi mitatu, jino linakuuma tangu juzi na nyumbani mtu kakununia, lakini umejibu poa. Usione haya, hata mimi ningejibu hivyo hivyo. Leo nataka tulizungumze jibu hilo, na nitaanzia kwa ndugu yake wa Kizungu, kineno kidogo ambacho kila aliyepita shule ya msingi anakijua. Neno lenyewe ni "fine".

Sisi tuliosoma huku Sanya Juu tulilipata kwa nyimbo. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama, anauliza hali zetu kwa kimombo, na sisi tunaitikia kwa sauti moja hadi bati linatetemeka: "Wi a fain, thenki yu tichaaa!" Ndani ya darasa hilo kuna aliyekuja bila kula kitu, kuna ambaye malaria inampanda, kuna ambaye usiku baba na mama hawakulala kwa ugomvi. Wote fain. Mwalimu anasema kaeni, tunakaa, hesabu zinaanza. Hakuna hata siku moja aliyejibu vingine. Wala hatukufundishwa kwamba inawezekana kujibu vingine.

Basi bwana, jioni moja nikawa natamba mbele ya bibi yangu, marehemu sasa. Yeye anamenya ndizi, mimi nimesimama mlangoni kama mkuu wa wilaya, najiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe: "Ai em fain! Ai em fain!" Bibi akaacha kumenya. Akaniangalia.

"Faini ya nini tena? Umevunja nini?"

Msicheke. Kwa bibi neno hilo lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa mbaya. Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro mtu anaweza kukaa miaka yote bila kujua Kiingereza, lakini faini ataijua tu. Kuna mifereji ya maji ambayo wazee waliichimba kwa mikono, inatoka juu kwenye mito ya msituni na kuteremka mpaka kwenye migomba na kahawa. Mfereji ukijaa tope, watu wanaitwa kuzibua. Asiyetokea bila sababu, faini. Zamani mtu aliweza kutozwa hata mbuzi au pombe, siku hizi ni fedha. Ng'ombe wako akiingia shamba la jirani, faini. Kwa hiyo mtoto anayezunguka nyumba akiimba kwamba yeye ni faini, bibi alikuwa na haki kabisa ya kuingiwa na wasiwasi.

Nilimwelewesha kwamba maana yake ni "sijambo". Akatikisa kichwa. Akasema Wazungu ni watu wa ajabu, adhabu na salamu wamezipa jina moja.

Nilipofika sekondari ndipo nikakutana na kamusi nene ya Kiingereza kwenye kabati la mwalimu, na siku moja nikalitafuta neno la bibi. Jamani! Nilidhani nitakuta maana mbili, kumbe ukoo mzima umekaa pale. "Fine" ni kizuri, kama kitambaa cha bei au fundi stadi. "Fine" ni hali ya hewa isiyo na mvua. "Fine" ni kitu chembamba au laini sana, kama uzi, au kama lile vumbi la kiangazi la tambarare za kuteremkia Boma Ng'ombe, ambalo unafunga madirisha yote ya gari na bado unalikuta kwenye meno. "Fine" ni ile faini yenyewe ya bibi. Halafu kuna zile ambazo unazijua kwa kusikiliza sauti tu. Mzungu ukimwongezea chai akasema "I'm fine", maana yake ni hapana, ametosheka. Mkibishana, akasema "fine" kwa mkato huku akigeuza uso, maana yake amekasirika na mazungumzo yamefungwa.

Kilichonishangaza zaidi ni asili yake. Neno hili lilifika Uingereza kupitia Kifaransa cha zamani, na mizizi yake ni Kilatini, neno "finis", yaani mwisho. Kitu kizuri kiliitwa hivyo kwa sababu kimefika mwisho wa ubora, hakuna pa kukiongeza. Na faini iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa malipo ya kumaliza kesi: ukishalipa, mambo yamekwisha. Hata fainali ya mpira inatoka kwenye mzizi huo huo. Wenzangu wa kwaya wanaosoma noti wanajua kwamba kwenye karatasi za muziki Wataliano huandika "Fine", wakitamka fi-ne, pale ambapo wimbo unatakiwa kuishia.

Kwa hiyo fine, faini na fainali ni watoto wa mama mmoja, na mama yao anaitwa Mwisho. Kumbe bibi hakukosea sana.

Haya yote ningeyaacha yabaki utani wa kijiweni, kama si safari moja niliyopanda mlima Septemba 2022.

Wanaoijua Siha wanajua kwamba lango la Londorossi liko huku kwetu, upande wa magharibi wa mlima. Hapo ndipo wanapojiandikisha wageni wanaopanda kwa njia ya Lemosho. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hana kazi, akisikia kuna msafara unatafuta wapagazi, anakwenda. Nami nikaenda. Mzigo unapimwa kwenye mizani pale langoni, kilo 20 ndiyo mwisho, unabeba kichwani au mabegani, na safari inaanza. Wapagazi tunaitana "wagumu". Ukikaa siku mbili unaelewa kwa nini.

Mgeni wetu mmoja alikuwa mzee wa Kiingereza, mtu mpole, wa kusema asante kwa kila kitu. Nilipewa kazi ya ziada ya kumpelekea maji ya moto ya kunawa kila asubuhi kwenye hema lake. Kiingereza changu kilikuwa kinatosha salamu, na salamu ndiyo niliyompa. Nagonga turubai, nauliza hali. Ananijibu "fine, fine". Nami roho yangu kwatu! Nimeongea na Mzungu, amenijibu kile kile nilichofundishwa na mwalimu wangu. Nikajiona kama balozi.

Siku ya kwanza tulilala msituni, kambi ya Mti Mkubwa. Fine. Siku ya pili tukatokea nje ya msitu, tukalala kambi ya kwanza ya Shira, kama mita 3,500. Fine. Siku ya tatu tukavuka uwanda wa Shira, tukalala kambi ya pili, zaidi ya mita 3,800. Huko usiku maji ya kwenye ndoo yanafanya barafu juu. Jioni ile mzee hakumaliza supu. Kiongozi wetu mkuu alipopita na karatasi yake ya maswali, kichwa, tumbo, usingizi, mzee akajibu yote kwa neno moja: fine.

Asubuhi ya nne nikapeleka maji. Nikauliza hali, nikajibiwa "fine", lakini macho yangu yakaona mambo mengine. Mzee alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, anahangaika na kamba za viatu. Si kwamba zilikuwa zimekaza. Vidole vilikuwa vinapita pembeni ya kamba, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Koti alikuwa amelivaa mkono mmoja, mkono wa pili ameusahau. Alipoinuka kuchukua beseni akayumba, maji yakamwagika, akacheka kidogo na kusema tena: "I'm fine."

Nami, msomaji wangu, nilifanya nini? Niliokota beseni nikaenda zangu. Mtu kasema yuko fine, mimi ni nani? Yeye ni mgeni, amelipa, ana umri wa baba yangu, na Kiingereza ni chake. Nimwambie hapana, hauko fine?

Nikapita jikoni. Kiongozi mkuu alikuwa anakunywa uji. Ni mtu mzima, ameanza mlima sisi tukiwa watoto.

"Dogo, mzee kaamkaje?"

"Anasema yuko fain, kaka."

Akashusha kikombe. "Yeye anasema. Wewe umeona nini?"

Swali hilo sitalisahau. Nikamweleza habari ya kamba, koti na beseni. Hata hakumaliza uji.

Nikamfuata mpaka kwenye hema. Hakumuuliza mzee hali yake. Alimuuliza usiku amekojoa mara ngapi. Alimuuliza chupa ya maji ya jana imebaki kiasi gani, akaiomba, akaiinua: ilikuwa imejaa. Akambana kidoleni kile kimashine kinachosoma oksijeni kwenye damu. Kisha akachora mstari chini kwa fimbo, akamwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa kidole, kisigino kikigusa kidole. Kitu ambacho mtoto wa chekechea anaweza. Mzee alipiga hatua mbili, ya tatu akaenda pembeni kama mtu aliyetoka kilabuni, na hakuwa ameonja hata tone.

Baadaye kiongozi alinieleza. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na ukifika Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga ufukweni. Wengi wanaumwa kichwa na kichefuchefu, wanapumzika, wanazoea. Lakini kuna wachache ambao maji yanawajaa mapafuni, au ubongo wenyewe unavimba. Ukivimba ubongo, mtu anayumba, anachanganyikiwa, na asiposhushwa anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Ubaya wake ni kwamba ubongo huo huo unaoumwa ndio unaotakiwa kukujibu kama hujambo. Kwa hiyo mgonjwa anakuwa mtu wa mwisho kujua kwamba ni mgonjwa. Oksijeni ya chupa inasaidia na dawa zipo, lakini tiba ya kutegemea ni moja: kushuka, na kushuka sasa hivi.

Mzee alipoambiwa anashuka alisema "I'm fine" kwa mara ya tatu asubuhi ile. Hiyo haikuwa salamu tena, ilikuwa ni kataa katakata. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka aje auone mlima huu. Nikamwona machozi yanamlenga. Kiongozi akachuchumaa mbele yake, akaongea naye taratibu, akamwambia mlima hauhami. Akavishwa kinyago cha oksijeni, wagumu wanne tukamshika huku na huku mpaka pale barabara ya dharura inapoishia kwenye uwanda wa Shira, gari likaja. Mimi nikaambiwa nipande niangalie mizigo yake.

Na kuanzia hapo, msomaji, nilikuwa najiona bingwa. Nimeokoa mtu! Njia ya kwenda Moshi inapita hapa hapa Sanya Juu, karibu na kwetu, lakini tuna mgonjwa, hatusimami. Nikaona angalau nimpigie mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri..."

"Haya mama, nina mgonjwa hapa kwenye gari, salio lenyewe dogo. Nitakupigia!"

Nikakata.

Mzee wa Kiingereza alianza kupata nafuu kadiri tulivyoshuka. Hospitalini daktari alimuuliza hali yake, nami nikasubiri kusikia lile neno. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hapana, leo si fine, kichwa kinamuuma vibaya na anasikia aibu. Daktari akafurahi kama aliyepewa zawadi. Siku mbili baadaye mzee alikuwa anatembea kwenye bustani bila kushikwa.

Mimi nikarudi nyumbani na bahasha yangu ya mshahara, nimejaa hadithi. Nikamkuta mama amelala, mchana kweupe. Mama yangu halali mchana.

Presha ilikuwa imempanda siku ile ile niliyopiga simu. Alianguka uani, jirani akamkuta, wakamkodia bodaboda, mtu mmoja akakaa nyuma kumshikilia, wakampeleka zahanati. Nilipopiga simu alikuwa ndiyo kwanza amerudishwa nyumbani. Kama mngeniona nilivyopandisha sauti. Kwa nini hakuniambia? Nilikuwa napita barabarani pale, ningeruka kwenye gari!

Mama akaniangalia bila hasira.

"Nilikuambia nzuri, mwanangu. Ulikata kabla sijafika kwenye ila."

Hapo nikakaa chini.

Maana ndivyo tulivyolelewa, au sivyo? Sisi Waswahili, na ninaposema Waswahili nina maana sote tunaokisema Kiswahili hiki, hatuanzi na balaa. Mtu akiulizwa habari anasema nzuri kwanza. Anatanguliza heri, asimshtue aliyeuliza, asionekane analia lia. Halafu anavuta pumzi, anasema "ila". Habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto ana homa. Habari za shamba? Nzuri, ila mvua hakuna. Hata kwenye msiba utasikia: sisi wazima, ila mzee ametutoka. Mgeni asiyetujua anaweza kudhani tuna wazimu. Kumbe nzuri ya kwetu ni kama kubisha hodi tu. Habari yenyewe iko ndani, kwenye ila.

Fine ya Wazungu haina kawaida hiyo. Mtu akisema fine amefunga, kama jina lenyewe lilivyo tangu Kilatini. Wala siwalaumu, ndio utaratibu wao, na bila shaka nao wana namna zao za kuulizana. Ninayemlaumu ni mimi. Nilikuwa nimekaa siku nne mlimani, nikajifunza kwa macho yangu kwamba jibu la "fine" linaweza kuficha kifo, halafu saa chache baadaye nikachukua nzuri ya mama yangu nikaifanya fine. Neno halikuwa na kosa. Mama naye hakunificha kitu. Mimi ndiye niliyeuliza nikakimbia kabla ya jibu.

Na nikiangalia, si mimi peke yangu. Siku hizi vijana tumejaa salamu za mkato. Vipi? Poa. Inakuwaje? Freshi. Umeamkaje? Salama. Kwenye simu ndiyo usiseme, mtu anakutumia kidole gumba tu basi. Zamani watu wawili wakikutana njiani wanaulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mgomba mmoja mmoja, tunawacheka kwamba wanapoteza muda. Kumbe walikuwa wanafanya kazi ya yule kiongozi wetu wa mlima! Walikuwa wanauliza vitu vinavyohesabika. Ng'ombe anatoa maziwa? Mtoto amekwenda shule? Ukiulizwa hivyo huwezi kujificha nyuma ya poa.

Sasa hivi mama nampigia kwa mtindo mwingine. Baada ya nzuri nanyamaza. Mara nyingine kimya kinakuwa kirefu mpaka anauliza kama simu imekatika. Namwambia ipo mama, nakusikiliza. Kama hasemi, namuuliza kwa hesabu: vidonge vya presha vimebaki vingapi? Leo umekula nini, na saa ngapi? Juzi alinijibu vimebaki viwili na hakuwa na nauli ya kwenda kuchukua vingine. Sentensi moja kabla ya hapo alikuwa ameshasema nzuri.

Faini yangu nimeilipa, msomaji, na nashukuru nilitozwa ndogo. Wengine wanatozwa kubwa. Wanasema fainali uzeeni, na wazee wetu wengi wanaicheza fainali hiyo peke yao, kila ukipiga simu wanasema nzuri, na sisi tunakata.

Kwa hiyo nakuuliza upya. Mambo vipi?

Poa, nimesikia. Ila?

Tukutane wiki ijayo.